Mguu umemaliza kurefuka, sasa ndio kazi

Jumatatu

Simu zimepungua. Wakati nilikuwa nazungusha nati za fremu ya kurefusha mguu, kila mtu alitaka kujua umefika sentimita ngapi, tuma picha, inauma aje, na sasa tangu daktari aseme basi tosha, sentimita nne zimetimia, watu wameona ni kama nimepona. Hata kwa grupu ya mchango mtu aliandika "Mungu ni mwema, dada yetu ameshapona" na emoji za makofi zikafuatana hapo, na mimi niko hapa kwa dadangu Donholm, nimekaa kwa kochi, pete nne za chuma zimezunguka mguu na waya zimeingia upande huu zikapita kwa mfupa zikatokea upande ule. Sijapona jamani. Nimemaliza kurefuka tu.

Kwa wale hawajui stori, nilivunjika mguu nikiwa mtoto, hapa chini ya goti, na palipovunjika ni pale pale mfupa wa mtoto hukulia. Ile sehemu ikaharibika ikafunga mapema, mguu wa kulia ukaendelea na safari wa kushoto ukabaki. Nimekua navaa kiatu cha soli ya kuongezwa, na shule mnajua watoto walivyo, sina haja ya kurudia majina niliyoitwa. Kilichonifanya nikubali operesheni hata si majina, ni mgongo. Nikifika miaka ishirini na kitu nilikuwa naamka kama shosho.

Jumanne

Leo nimekumbuka zile siku za kuzungusha na nikajipata nimezimiss, eti.

Iko hivi. Mfupa unakatwa, fremu inafungwa, halafu hakuna kitu kinaguswa kwa wiki moja hivi, mwili uachwe uanze kutengeneza kile kiunganishi chake. Baada ya hapo unazungusha nati, vipande viwili vya mfupa vinavutwa viachane polepole, milimita moja kwa siku, na hata hiyo milimita haivutwi mara moja, inagawanywa mara nne, robo robo. Simu yangu ilikuwa inalia saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku. Ukivuta haraka mfupa mpya unakosa nafasi ya kuota na mishipa ya fahamu inalalamika, ukivuta polepole sana mfupa unaunga kabla hujafika na itabidi ukatwe tena. Hiyo hesabu ilitoka kwa daktari anaitwa Ilizarov, huko Kurgan, Siberia, alianza miaka ya 1950 na watu ambao mifupa yao ilikataa kuunga, wengi walikuwa wametoka vitani. Kuna mruka juu wa Sovieti, Valeriy Brumel, alishinda dhahabu Tokyo 1964, mwaka uliofuata akapata ajali ya pikipiki mguu ukasagika, akapitia operesheni nyingi hazisaidii mpaka alipofika kwa Ilizarov, na baadaye akaruka tena. Hiyo stori nilimpigia jirani yangu wa kitanda kule wodini, alikuwa ameangushwa na boda. Nusu ya wodi ilikuwa ya boda, nusu ingine ya waliogongwa wakivuka barabara, na mimi peke yangu na mguu wangu wa utotoni, kila mtu ananiuliza "wewe uligongewa wapi?"

Nati zenyewe zinafungwa na spana namba kumi. Kakangu ni mekanika Kirinyaga Road, siku ya kwanza alipoona ile spana ya hospitali aliigeuza mkononi, akanitazama, akasema, "Sista, hii si ndiyo ya kufungua betri ya Toyota?" Tukacheka mpaka mguu ukauma. Lakini ni yeye alikuja na wazo la kuchukua rangi ya kucha ya dada, nyekundu, akaweka alama ndogo kwa kila nati ndio nijue imezunguka kiasi gani hata kama ni usiku na stima zimepotea. Daktari alipoona alisema ni sawa kabisa. Alama bado ziko, zimeanza kubanduka.

Na kuzungusha kwenyewe hakuumi, watu hawaamini nikisema hivyo. Unasikia kitu kimekaza kidogo basi. Maumivu yanakuja saa nane usiku, wakati misuli ya nyuma inakumbuka kwamba imevutwa mchana, hapo ndio unalala ukiangalia dari na unasikia mbwa wote wa Donholm. Na huwezi kumeza kila dawa ya maumivu, zile za jamii ya Brufen na diclofenac nilikatazwa kwa sababu zinaweza kuchelewesha mfupa kuota. Panadol na ile nyingine kali ya kuandikiwa, basi.

Sasa, pamoja na hayo yote, kulikuwa na kitu cha kufanya. Alarm ikilia, nafanya, natia alama kwa kitabu. Nilikuwa na kazi. Saa hii kazi ni kungoja mfupa ukomae, na kwa huko kungoja hakuna alarm, hakuna namba ya kuandika, na ndiyo sehemu ndefu kuliko zote. Ukijumlisha kila kitu, mtu mzima anahesabiwa mwezi mmoja na kitu kwa kila sentimita, wengine hadi miwili. Fanya hesabu mwenyewe.

Jumatano

Fizio, yaani mazoezi ya viungo. Sina mengi. Kifundo kimekaza, vidole vinataka kuangalia chini kama vya mtu amesimama kwa ncha, kwa sababu mfupa ulirefuka na misuli ya nyuma haikuulizwa. Nafunga leso kwa unyayo naivuta kuelekea kwangu nahesabu pole pole. Fizio wangu ni mpole sana kwa mdomo, mikono haina huruma. "Pole dada, pole sana, tunaendelea." Na anaendelea!

Ameniambia nikanyage zaidi. Hii fremu imeundwa hivyo, ibebe mwili ndio mfupa upate mzigo kidogo kidogo, mfupa usiobebeshwa kitu unazembea. Kwa hivyo natembea na magongo kutoka kwa mlango hadi kwa kioski na kurudi, nimevaa dera kwa sababu hakuna suruali duniani inapita juu ya hizi pete.

Ijumaa

Kuosha matundu, pale waya zinaingia kwa ngozi. Hii nimeizoea mpaka naifanya nikisikiliza redio. Maji yaliyochemshwa yakapoa, chumvi, gozi, kila tundu na kipande chake cha gozi, usitoe kitu hapa ukapeleka pale. Unasukuma ule ukoko pole pole, unakausha, unaangalia. Mengi yametulia. Tundu la juu karibu na goti ndilo lina kelele, ngozi hapo inasogea kila ukikunja mguu, inajikwaruza kwa waya, na wiki iliyopita liliamka jekundu, lina joto, limetoa usaha kidogo. Nilipiga picha nikatuma, nikaandikiwa antibayotiki, leo limerudi rangi ya kawaida. Nilikuwa nimeogopa kuliko nilivyowaonyesha watu hapa nyumbani.

Halafu eksirei. Kwanza karatasi za bima zilikaa weee, nimekaa kwa benchi kutoka asubuhi na mguu umenyooka mbele kila mtu anauruka, wacha tu. Lakini picha yenyewe nilitaka kuwaeleza. Ile ya kwanza kabisa nilipoanza kuvuta ilinitisha, kati ya vipande viwili vya mfupa kulikuwa na nafasi nyeusi tupu, nikauliza sasa daktari mfupa uko wapi, akasema upo, ni mchanga, haujaingia kalsiamu ya kutosha kuonekana. Baadaye kukatokea ukungu. Halafu michirizi myembamba, imelala kufuata urefu wa mguu, kutoka juu inashuka, kutoka chini inapanda, inatafutana. Leo pembeni kumeanza kuwa na mstari mweupe. Daktari anapiga picha mbili, ya mbele na ya upande, kila moja inaonyesha kuta mbili za mfupa, jumla nne, na anataka aone tatu zimeshika. Leo amehesabu mbili, ya tatu "inajaribu."

Inajaribu. Nimetoka hapo nikiwa sijui nifurahi ama nikasirike.

Jumapili

Wageni. Supu. Kila mtu Nairobi anajua dawa ya mfupa ni supu ya mifupa, nimekunywa supu mpaka nimechoka kuona thermos. Daktari alisema kula tu vizuri, protini, maziwa, mayai, jua kidogo la vitamini D, omena kama unaweza, lakini nenda umwambie shangazi amesafiri kutoka Machakos na thermos kwamba utakula omena. Nikanywa.

Kijana wa ghorofa ya juu alikuja pia, yuko chuo, ana akili nzuri, si mfupi hata, ni wastani tu. Akazunguka zunguka, mwishowe akaniuliza kama hii kitu inaweza kumwongezea inchi tatu. Ameona video za watu wanaenda Uturuki. Nilimwambia ukweli kama ninavyoujua: ndio inawezekana, na siku hizi kuna chuma kinaingia ndani ya mfupa wenyewe, kina sumaku, unakivuta na mashine kutoka nje bila hizi pete, lakini mfupa ni ule ule, milimita ni ile ile, fizio ni ile ile, na wewe unafanyiwa miguu miwili kwa hivyo hakuna wa kusimamia. Halafu nikamuuliza, "Nani atakupeleka choo?" Akanyamaza. Mimi simhukumu, kila mtu anajua mahali kiatu kinambana. Ila zile video huwa zinakatwa pale pale pa muziki, mtu analala kitandani, kata, mtu anatembea ufukweni. Miezi ya katikati imepita kwa sekunde mbili.

Shosho alipiga jioni. Haulizi maumivu, haulizi supu. "Mguu umefika wapi?" Nikamwambia umefika shosho, umelingana na mwenzake, unangoja kukauka. Akasema sawa, basi nisiusumbue.

Jumatatu

Kliniki ingine ni wiki ijayo, na nimeelewa vizuri leo baada ya kuuliza mara mbili. Hata wakiona ukuta wa tatu umeshika, fremu haitoki siku hiyo. Wanalegeza nati kwanza, mfupa ubebe uzito wenyewe na chuma kikiwa hapo tu kama bima, natembea hivyo kwa muda, wanapiga picha tena, ikiwa haijapinda ndio naandikiwa tarehe ya kutoa. Dada tayari ameanza kuuliza tuite watu wangapi, tupike nini. Nimemwambia aweke tu pesa ya teksi na siku hiyo tuondoke saa kumi na moja asubuhi kabla Jogoo Road haijafunga.