Asumini za Mama

Miaka mitatu iliyopita nilituma pesa Lamu ili kiwanda cha nyumba yetu, ule ua wa ndani, kisakafiwe na kutiwa vigae. Mama alikuwa na miaka 72. Nami nikiwa huku Leicester, Uingereza, nilihofia asije akateleza kwenye tope akichota maji kisimani. Mafundi waling'oa mrehani na mkilua, wakaikata na asumini iliyokuwa imetambaa ukutani. Mama hakunipinga, aliniuliza tu, "Sasa mimi nifanye nini asubuhi?" Sikulisikia swali lile.

Haikupita miezi mingi sauti yake kwenye simu ikalegea. Dada akanieleza: Mama anashinda kitandani, usiku hapati usingizi, magoti yamekaza. Na wale wanawake wa mtaani waliokuwa wakipita alasiri kumwomba maua ya kikuba, kile kishada cha kunukia wajipambacho wanawake, hawapiti tena. Hilo la mwisho ndilo lililonichoma. Maua ndiyo yaliyokuwa yakimletea watu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa nilikuwa naiona kila wiki. Waingereza wana vijishamba vya kukodi kutoka halmashauri, jambo lililomo kwenye sheria ya 1908, na nyuma ya mtaa wangu vimejaa wazee. Mmoja ana miaka 81. Huchuchumaa kung'oa magugu, hunyanyuka na debe la maji, hunyoosha mikono kufunga maharage kwenye miti. Shirika la Afya Duniani linawashauri waliofika miaka 65 wafanye mazoezi ya nguvu na mizani ya mwili siku tatu au zaidi kwa wiki, wasianguke ovyo. Mzee yule anayafanya hayo akitafuta maharage tu. Mimi nilimwondolea mama yangu mazoezi hayohayo, nikiogopa ataanguka!

Nikaanza kusoma. Huko Dubbo, Australia, watafiti waliwafuatilia watu zaidi ya 2,800 wa miaka 60 kwenda juu kwa miaka 16; waliotunza bustani kila siku, uwezekano wao wa kupata ugonjwa wa kusahau ulikuwa chini kwa asilimia 36. Najua mwenye afya ndiye mwenye nguvu za kulima, kwa hiyo sisemi jembe ni kinga. Lakini mama yangu nilimwona na asumini, na nikamwona bila asumini.

Tukavunja vigae nusu ya kiwanda. Safari hii nilimuuliza yeye kwanza. Alitaka tuta liinuliwe kwa mawe hadi kiunoni, asiiname sana, na samadi ya punda iliyooza vizuri, ambayo Lamu haikosekani. Dada alimpeleka akachanjwa pepopunda, kwa kuwa udongo na samadi havikosi vijidudu vyake. Maua yaliyo chini huyapalilia ameketi juu ya mbuzi wa zamani wa kukunia nazi, jua likiwa bado halijapanda.

Mrehani umeshika, mkilua bado mdogo. Asumini imefika juu ya mlango.

Juzi nilimpigia, kwao saa kumi alasiri. Nyuma yake nikasikia wanawake wakicheka. "Nipigie baadaye, mwanangu," akasema, "navichuma vitumba kabla havijafunguka."