Usiku wa Hormuz, skrini ikatuweka nchi kavu

Hii ni ya Juni 2025. Vita ya Israeli na Iran ilianza tarehe 13, na sisi siku hizo tumepakia kemikali Jubail, Saudia, njia ya kutokea ni moja tu, mlango wa bahari wa Hormuz. Nilikuwa baharia wa dekini na zamu yangu ya usiku nashika sukani. Watu nyumbani walikuwa wanauliza habari za makombora tu, lakini meli yetu hakuna aliyeirushia hata jiwe, kilichotusumbua hakionekani kwa macho.

Kilianzia kwenye simu. Jioni nataka kuswali maghribi, nafungua ile programu ya kibla, mshale umepinda. Bosun wetu, yaani msimamizi wa mabaharia wa dekini, ni mtu wa Lamu, mtu mzima, mimi namwita Ami. Nikamwambia, "Ami, simu yasema kibla iko huku." Akaniuliza, "Kwani hiyo simu yenyewe iko wapi?" Natazama ramani, simu iko ndani ya Iran, nchi kavu, mbali na maji. Akasema, "Basi iache iswali hukohuko, sisi twaswali huku." Akapiga simu briji, chumba cha kuongozea meli, kuuliza dira ya jairo, ile isiyotegemea satelaiti, inasoma ngapi, akahesabu kichwani, tukatandika mikeka.

Usiku napanda briji nakuta king'ora cha GPS kinalia, sekondi meti, afisa wa zamu, anakizima, kinalia tena. Kwenye ramani ya elektroniki meli yetu inakata milima ya Iran karibu na Bandar Abbas, spidi nzuri tu, haina wasiwasi, na meli nyingine zinazunguka duara moja kama zimerogwa. Nje nachungulia naona maji, taa za meli mbele, na weusi wa Musandam, rasi ya Oman, upande wa kulia. Hapo ndo nilipoelewa ubaya wake, maana mtambo ukizimika unajua umezimika, huu haukuzimika, ulikuwa unadanganya na kila namba imekaa vizuri.

Kapteni alitueleza huku anatembea huku na huku. Satelaiti za GPS ziko juu kilomita 20,200, mawimbi yakifika chini ni dhaifu mno, ni kama mtu anakunong'oneza harusini beni linapiga. Mwenye mtambo wa nguvu pwani akirusha kelele kwenye masafa yaleyale, megahazi 1575 na kitu, umeshakosa GPS, na akiwa fundi zaidi anarusha ishara ya uongo na chombo chako kinaiamini. Wanaofanya hivyo wanataka droni na makombora ya adui yapotee, sisi wa mizigo tumo humohumo tu. Na AIS, ile inayotangazia meli nyingine uko wapi, inachukua jibu la GPS inatangaza hivyohivyo, kwa hiyo kila meli ilikuwa inasema uongo bila kukusudia.

Akaamuru rada itolewe kwenye GPS, akasimama mwenyewe pale. Rada inatuma wimbi lake inasubiri lirudi, haimuulizi mtu. Sekondi meti anapima kwa rada umbali wa visiwa vya Quoin karibu na Musandam, anachora kwa penseli kwenye karatasi, mimi natajiwa digrii naitikia, na chaneli 16, redio ya meli zote, imejaa sauti za Kihindi, Kifilipino, Kichina, kila mtu anataja alipo kwa mdomo. Njia yenyewe ya meli pale ni maili mbili tu upana, yaani jasho lilinitoka na AC inafanya kazi.

Tukatoka salama. Alfajiri ya tarehe 17 tukasikia tanka mbili za mafuta, Front Eagle na Adalynn, zimegongana Ghuba ya Oman, mashariki ya Khor Fakkan ya Emirati, moto umewaka. Walinzi wa pwani wa Emirati waliwatoa watu 24 wa Adalynn, wote wazima alhamdulillah. Front Eagle siku mbili nyuma nayo AIS ilikuwa inaionyesha iko nchi kavu Iran, halafu wizara ya Emirati ikasema taarifa za awali zaonyesha chanzo ni kosa la uongozaji wa meli moja. Inawezekana, mi sikuwepo kwenye briji yao. Ila Ami aliposikia hiyo taarifa alicheka, akasema angependa aliyeiandika apewe sukani pale usiku mmoja tu, na GPS yake awe nayo.