Kidole Chekundu

Jana jioni binti yangu alirudi kutoka njia panda na kidole chekundu. "Mama, mbona yule Bikira anatoka rangi?" Sikuhitaji kumuuliza amegusa wapi. Bega la kushoto, karibu na shingo. Bega la Agosti ile.

Bikira Maria huyo nilimchora mimi, kwa fresko, yaani rangi juu ya lipu ya chokaa ingali mbichi, ndani ya kijumba cha sala cha mlima wa kupandia Montefalco, mji wa Italia: tundu la ukutani, upana sentimita 60, kimo 90. Kazi ya kwanza ilikuwa kubandua saruji ambayo mtu aliizibia nyufa zamani. Saruji hufungia maji ndani ya mawe, na chumvi yake hutokeza juu ya picha kama ukungu mweupe. Kisha lipu ya kwanza: kipimo 1 cha chokaa ya uji iliyolala chini ya maji pipani zaidi ya mwaka, kwa vipimo 3 vya mchanga wa mto wenye chembe kubwa, unene sentimita 1. Uso ukaachwa na makwaruzo ili lipu ya pili ipate pa kushika. Wiki tatu haikuguswa. (Tuliokulia pwani karibu na matanuri ya matumbawe tunaijua harufu ya chokaa mbichi, huku Italia wanachoma mawe ya mlimani, lakini pua haioni tofauti.)

Lipu ya pili ndiyo yenye masharti. Kipimo 1 kwa 2, mchanga uoshwe mpaka maji yatoke safi, uchekechwe, unene milimita 4 hivi. Unapiga eneo lile tu utakalomaliza kulichora siku hiyo. Waitaliano huliita giornata, kazi ya kutwa. Rangi husagwa kwa maji matupu, bila gundi wala yai. Kinachoishika ni chokaa yenyewe: inavuta hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe, na chembe za rangi zinabaki zimefungwa ndani ya ngozi nyembamba ya jiwe hilo. Ngozi ikishajifunga, rangi utakayoongeza inakaa juu tu, kama vumbi la barabarani juu ya majani.

Siku ya uso na mikono ilipita salama. Iliyofuata ilikuwa ya joho. Nilimwagia ukuta maji usiku, nikarudia alfajiri mpaka ukaacha kunywa, na saa kumi na moja nikapiga lipu. Saa kumi na mbili na nusu niliigusa: baridi, imara, haiachi alama ya kidole. Nikagongagonga kifuko cha vumbi la mkaa juu ya karatasi iliyotobolewa kwa sindano, joho likatokea kwa vidoti. Mwangani udongo mwekundu. Kivulini nyeusi ya matawi ya mizabibu, niliyoyachoma ndani ya kopo lililofunikwa.

Saa nne upepo mkavu ukaanza. Hapo ndipo ilipopasa kutundika kitambaa kilicholowa mbele ya tundu. Sikutundika. Saa sita mzee wa shamba la jirani akaja na sahani iliyofunikwa. "Kula kwanza, binti. Ukuta haukimbii."

Nikala. Tukaongea. Niliporudi limebaki bega tu, eneo la viganja viwili.

Brashi ilitoa sauti. Asubuhi ilikuwa ikiteleza kimya, na tone likizama taratibu. Sasa ilikwaruza, na rangi ilinyonywa kabla sijamaliza kuivuta, ikabaki imepauka, haina uhai. Nilipitisha mara ya pili, ikawa na unga. Dawa yake naijua: unakata lipu kwa mshazari kufuata mkunjo wa joho, unabandua kile ambacho hakijachorwa, kesho unapiga mbichi na kiungo kinajificha ndani ya mkunjo. Kisu kilikuwa mfukoni mwa aproni, nilikuwa nakisikia pajani. Jua limeshazunguka magharibi, linapiga ukuta moja kwa moja. Mzee amesimama nyuma yangu, kofia mkononi. "Limekaa vizuri," akasema.

Nikamalizia.

Miaka yote hii mvua haikulifikia, maana tundu lina kipaa. Vidole ndivyo vilivyolifikia. Ningeweza kulipaka kasini, gundi ya maziwa, iliyochanganywa na chokaa, lakini ile huweza kuacha mng'ao, na joho likawa na kiraka kinachometa kila jua likishuka. Ningeweza kulichonga lote na kulichora upya. Ila fresko hukauka nyeupe kuliko ilivyopakwa, na mchanganyiko wa siku ile sikuuandika popote. Bega jipya litakuwa bega la mtu mwingine.

Mzee hayupo tena wa kuulizwa.

Asubuhi hii nimefunua pipa, chokaa bado ni laini kama samli. Kisu kiko mezani. Mchanga sijauosha.