Tulivyopata kijiji cha ski kinachowafaa watoto wadogo

Ukitaka kuwajua watu wanaotoa ushauri juu ya mizigo wasiyoibeba wao, waambie unatafuta mahali pa kuwapeleka watoto wadogo kuteleza kwenye theluji. Sisi tunaishi Bern, Uswisi, siku ikiwa safi milima ya Alpi tunaiona tukifungua dirisha, na huku mtoto asiyejua ski anaanza kuachwa nyuma tangu chekechea, maana wenzake wakirudi likizo ya Februari hawana hadithi nyingine. Mkubwa wangu ana miaka mitano, mdogo mitatu. Nilipouliza tu, nikamwagiwa majina. Nenda Zermatt ukaone mlima Matterhorn. Nenda Les Trois Vallées, Ufaransa, kilomita 600 za miteremko iliyounganishwa. Shemeji mmoja ambaye hajapata mtoto bado alinitumia mpaka ramani: "Shem, msipoteze hela kwenye vijiji vidogo, siku ya pili tu mtakuwa mmeshavichoka."

Kilomita 600! Mtoto wa miaka mitatu kutwa nzima anateleza kwenye kipande cha mita 50, na hapo juu anarudishwa na mkanda unaosogea kama ule wa mizigo uwanja wa ndege. Hizo kilomita nyingine 599 tunamlipia nani?

Lakini shemeji ni shemeji, na mume wangu alimwamini, kwa hiyo safari ya kwanza ilikuwa mji mmoja mkubwa wa Ufaransa ambao sitautaja. Tangazo la nyumba lilisema dakika tano kutoka kwenye lifti ya kupandia mlimani. Dakika tano za nani? Asubuhi unamvalisha mtoto nguo ya ndani ya sufu, sweta, ovaroli ya theluji, soksi, viatu vya ski ambavyo kifundo cha mguu hakikunji hata kidogo, kofia ngumu, miwani, glavu. Unafunga mlango, umeshika ski za watu wanne, jasho linakutoka na nje ni nyuzi nane chini ya sifuri. Hapo ndipo mdogo anasema, "Mama, mkojo." Unafungua mlango. Unavua glavu, ovaroli, kila kitu. Mkubwa anasubiri kwenye ngazi na mavazi yote, anaanza kulia kwa joto. Mnatoka tena, basi limeshaondoka. Linalofuata limejaa, mmesimama na ski zinachoma watu mbavu, mtoto amebanwa katikati ya mapaja ya wageni.

Na hilo si lililoniudhi zaidi. Shule ya watoto ilikuwa juu mlimani, mnapanda kwanza na magari ya kebo, yale yanayoning'inia kwenye waya, ndipo mfike. Saa nne na nusu naitwa kwa simu: mdogo analia, njoo. Mimi nilikuwa nimeshuka, na tiketi ya kebo ya mtu asiyeteleza inauzwa dirisha jingine, foleni mpaka barabarani. Nilipofika, mtoto alikuwa amelia mpaka amelala begani kwa mwalimu, makamasi yameganda kwenye skafu. Mwalimu hakuwa na kosa, alimshika vizuri sana. Lakini usiku ule nilimwambia mume wangu kwamba mahali pengine nitachagua mimi, na ramani ya miteremko sitaiangalia.

Nilichoangalia ni umbali kati ya vitu vitatu: kitanda, uwanja wa wanaoanza, na choo. Basi. Vyote vitatu viwe mahali ambapo mtoto anaweza kwenda kwa miguu yake na viatu vya ski vikiwa miguuni. Ukishashika hilo, majina makubwa yanapukutika yenyewe. Zermatt ni pazuri, magari ya mafuta hayaingii, lakini watoto wanaoanza wanapelekwa Sunnegga, mita 2,288 juu ya usawa wa bahari, kwa treni inayopita ndani ya mlima. Maana yake yakitokea yale ya saa nne na nusu, ni safari. Nikaivuka.

Nilibaki na vijiji vichache, na vyote nawasifia wenye watoto. Avoriaz ya Ufaransa iko mita 1,800, haina magari, na kijiji chake cha watoto, yaani shule yao ya ski, kilianzishwa na Annie Famose, yule mwanamke aliyepata medali kwenye Olimpiki ya Grenoble 1968. Serfaus ya Austria ina treni yake ya chini ya ardhi, tangu 1985, inapita chini ya kijiji kizima ikielea juu ya hewa inayosukumwa chini yake, na kuipanda ni bure. Watoto wangeipanda kutwa. Ila kutoka Bern mpaka kule na watoto ni siku nzima ya njiani. Wengen ni karibu nasi zaidi, inafikika kwa treni tu kutoka Lauterbrunnen, na uwanja wa watoto uko katikati ya kijiji. Kilichonizuia ni urefu: mita 1,274. Miaka ya joto kama hii tunayoiona, kijiji kilicho chini ya mita 1,500 unaweza kufika ukakuta matope na mashine za kutengeneza theluji.

Ikabaki Bettmeralp, jimbo la Valais, kama mita 1,950, na hapa nataka nieleze nilivyoichunguza, maana hii kazi najivunia. Vituo vingi vya ski vina kamera zinazoonyesha hali ya mlima moja kwa moja kwenye intaneti. Watu wanaziangalia kujua kama theluji ipo. Mimi nilianza kuziangalia Januari ya mwaka mmoja kabla, nikinywa chai, saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, nikitafuta jua. Uwanja wa watoto ukiwa kivulini asubuhi, mtoto wa miaka mitatu anayesimama tu kusubiri zamu yake anaganda vidole. Bettmeralp imekaa kwenye bapa la mlima linalotazama kusini, juu ya bonde la Rhône, na mchana wa Januari jua liliwapiga wale watoto usoni. Kwenye kamera hiyo hiyo nikaona wazazi wanavuta watoto kwa sleji mpaka mlangoni mwa duka, kwa sababu barabara yenyewe ya kijiji ni theluji. Hakuna gari. Hakuna basi la kukimbilia.

Halafu nikaipigia simu shule ya ski. Niliwauliza: uwanja wa wanaoanza uko wapi, chumba cha joto na choo viko hatua ngapi kutoka hapo, na mtoto akikataa katikati ya somo mnafanyaje. Swali la mwisho ndilo linalokuonyesha shule. Ukijibiwa "hawakatai", kata simu. Mama aliyenijibu alicheka akasema wengi hukataa siku ya kwanza, wanakaa ndani wanachora, kesho yake wanatoka wenyewe.

Kufika kwenyewe ni rahisi mpaka raha. Treni kutoka Bern inapita njia ya Lötschberg, lile handaki la kilomita 34 na ushei lililofunguliwa 2007, ukitoka upande wa pili uko Valais. Brig unabadilisha, unapanda treni nyekundu ya Matterhorn Gotthard, unashuka Betten Talstation, na gari la kebo linaanzia hapo hapo. Watoto chini ya miaka 6 hawalipi treni, na wa miaka 6 mpaka 16 kuna kadi ya faranga 30 kwa mwaka, wanasafiri bure na mzazi. Kebo inapanda zaidi ya mita 1,000 kwa dakika chache, kwa hiyo masikio yanaziba. Mdogo nilimpa juisi ya mrija, mkubwa nikampa ubuyu wa Zanzibar anyonye, akafika juu midomo myekundu na hana habari na masikio.

Siku ya pili mdogo alitoka darasani saa nne kasoro. Nilikuwa roshani namwona. Nilishuka na ndala za manyoya, nikamchukua, akaenda chooni, akanywa maziwa, akarudi. Hapo nilijisikia mtu mwenye akili timamu.

Sasa mambo madogo ambayo hakuna aliyeniambia. Nywele kwanza. Binti yangu alikuwa na rasta zenye shanga, na kofia ngumu haikai juu ya shanga, zinamchoma mtoto kichwani na kofia yenyewe inaelea, haimlindi. Wiki moja kabla nilimfumua nikamsuka twende kilioni, nyembamba, zimelala kabisa, ncha nikazipeleka shingoni. Kofia ikakaa sawasawa. Kodisha kofia baada ya kusuka, si kabla, maana kipimo kinabadilika. Kichwani mfunike na kitambaa cha satini chembamba chini ya kofia, sufu inakatakata nywele zetu.

Soksi: kila mtu wa nyumbani atakwambia mvalishe jozi tatu. Hapana! Jozi moja, ndefu, nyembamba, ya sufu. Ukijaza soksi damu haipiti na miguu inapoa zaidi. Jinzi na pamba ziacheni nyumbani, zikilowa hazikauki mwilini. Glavu za watoto wadogo ziwe zile ambazo vidole vinne vinakaa pamoja na gumba peke yake, ukitaka kumvalisha zenye vidole kila saa utazeeka mlimani. Fimbo za ski hawazihitaji umri huo, dukani wakikupa rudisha. Na losheni ya jua wapakeni, hata sisi weusi. Theluji inarudisha sehemu kubwa ya miale usoni, na midomo ya mume wangu, aliyesema ngozi yetu haihitaji, ilipasuka akashindwa kula pilipili.

Ghali ni ghali, sitadanganya mtu. Nyumba ndiyo inayokula hela, kisha shule. Vifaa vya watoto tulikodisha Bern kwa msimu mzima, wanavibadilisha mtoto akikua, na inatoka nafuu kuliko kukodisha kila safari. Chakula tulinunua Brig kabla ya kupanda. Unga wa mahindi wa polenta upo kila duka Uswisi, ni wa njano na una chenga, lakini ugali unatoka, na watoto waliotoka kwenye baridi walikula bila kubembelezwa. Epukeni wiki za likizo za Februari kama watoto hawajaanza shule: Januari ukishapita mwaka mpya kuna nafasi na bei zinashuka, Machi jua ni refu zaidi.

Mzazi asiyeteleza, kama mama mkwe wangu aliyekuja nasi, hakai bure. Alipanda na kebo mpaka Bettmerhorn, mita 2,647, akiwa na koti lake na kanga juu, akauona mto wa barafu wa Aletsch, mrefu kuliko yote ya Alpi, kama kilomita 20. Alisimama pale muda mrefu, akatuma picha kwa ukoo mzima Tanga.

Wanaokuja kutembelea kutoka nyumbani wasome bima yao ya viza. Ile ya viza ya Schengen, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, inayotakiwa kufika euro 30,000 mara nyingi haihusishi michezo ya theluji, na helikopta ya uokoaji hairuki kwa sadaka. Kuna nyongeza ndogo unalipa, lipa.

Dada yangu anakuja Machi na wanawe. Nyumba nimeshaishika, ile ile inayotazama uwanja wa watoto, na safari hii nimeomba tupewe chumba cha chini chenye kifaa cha kukaushia viatu, maana viatu vya ski vikilala na unyevu, asubuhi hakuna mtoto atakayekubali kuingiza mguu.