Ganda la Risasi Linapobadilishwa Umbo, Shaba Yake Huhamia Wapi?

Watu wengi wanaoanza kubadili maganda ya risasi kutoka kipenyo kimoja kwenda kingine huitazama kazi hiyo kwa nje tu: ganda huingizwa kwenye kalibu, yaani chombo cha chuma kinacholibana lichukue umbo lake, mkono wa mashine hushushwa, na likitoka huwa na umbo jipya linalolingana na chemba, yaani tundu la bunduki ambamo risasi hukaa. Kipimo cha nje ni cha lazima, lakini kwa maoni yangu hakitoshi hata kidogo kumwambia mtu kama ganda hilo ni salama. Swali ninalojiuliza kila ninapolishika ganda lililobadilishwa ni hili: shaba iliyo sasa shingoni ilikuwa wapi kabla ya kubanwa, na ilikuwa na unene gani huko ilikotoka?

Swali hilo lina uzito kwa sababu ganda la bunduki ya rifle halina unene mmoja kutoka chini hadi juu. Kitako ni kizito na kigumu, kwa kuwa ndicho kinachobeba fataki, yaani kiwashio cha baruti, na kuhimili msukumo wa gesi pale ambapo hakuna ukuta wa chemba wa kukiegemeza. Kiwiliwili huendelea kuwa chembamba kadiri kinavyopanda kuelekea begani, yaani kwenye mteremko unaokiunganisha na shingo. Na shingo, inayokishikilia kichwa cha risasi, huwa na ukuta wa takribani milimita 0.3 hadi 0.4 tu. Ugumu nao hupungua kwa mpangilio huohuo, kitako kikiwa kigumu kuliko sehemu nyingine zote na mdomo ukiwa laini. Kiwanda hulipata umbo hilo kwa kuanza na kikombe kifupi cha shaba ya manjano, yaani aloi yenye asilimia 70 ya shaba nyekundu na asilimia 30 ya zinki, kisha kukivuta hatua kwa hatua na kukipitisha motoni kati ya hatua moja na nyingine. Anayebadili ganda nyumbani anaendeleza kazi ambayo kiwanda kilikwisha kuifikisha mwisho, na hana ruhusa ya kuugusa upande wa kitako.

Bahati nzuri ni kwamba vitako vingi vinafanana. Risasi ya 7x57 ya Mauser, ile ya 8x57, .30-06 Springfield ya mwaka 1906 na .308 Winchester ya mwaka 1952 zote zina kitako chenye ukingo wa kipenyo cha takribani milimita 12, na kwa sababu hiyo ukoo mkubwa wa risasi umezaliwa kwa kubadili shingo, bega na urefu peke yake. Ukoo wa .308 ulizaa .243 Winchester na .358 Winchester mwaka 1955, ule wa .30-06 ulizaa .270 Winchester ya mwaka 1925, pamoja na .25-06 na .35 Whelen, ambazo zilitengenezwa na mafundi wa bunduki kwa miongo mingi kabla kampuni ya Remington haijaanza kuziuza madukani mwaka 1969 na 1988. Mafundi hao walifanya kwa mikono yao jambo ambalo viwanda vililikubali baadaye, nami nawaheshimu sana kwa hilo.

Mabadiliko mepesi kuliko yote ni yale ambayo bega halihami sana na shingo ndiyo pekee inayopanuliwa au kubanwa. Shingo ikipanuliwa, ukuta wake hupungua unene na ganda hufupika kidogo. Ikibanwa, ukuta huongezeka unene na ganda hurefuka. Shaba haipotei wala haizaliwi, inahama tu. Kwa hiyo anayelifanya ganda la .308 liwe .243 ategemee shingo nene kuliko ya ganda la kiwandani, aipime kwa mikromita yenye ncha ya duara sehemu kadhaa za mzingo wake, kisha, ikihitajika, aikereze kwa nje mpaka unene uwe sawa pande zote.

Mambo hubadilika bega linaposukumwa nyuma, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie. Chukua ganda la .30-06 lenye urefu wa milimita 63.35 ulibadili liwe 8x57. Bega la asili liko mbele zaidi ya mahali ambapo bega jipya linatakiwa kukaa, hivyo kalibu hulisukuma nyuma milimita kama tatu. Sehemu ya juu ya kiwiliwili hugeuka kuwa bega, bega la zamani hugeuka kuwa shingo, na shingo ya zamani, ambayo ndiyo ilikuwa shaba nzuri iliyoandaliwa kwa kazi hiyo, sehemu yake kubwa hukatwa na kutupwa ili urefu ubaki milimita 57. Matokeo yake ni shingo ambayo mdomoni ni nyembamba ipasavyo, lakini chini, inapokutana na bega, ina pete ya shaba nene iliyojitokeza kwa ndani. Ukiitazama kwa macho kutoka nje huioni. Ukiingiza kichwa cha risasi polepole kwa vidole katika shingo iliyopanuka baada ya kupigwa, utakisikia kinateremka bila shida na kisha kinagota ghafla. Hapo ndipo pete ilipo. Dawa yake ni kukwangua shingo kwa ndani kwa kisu cha mviringo cha kipenyo sahihi, au kupanua shingo ili pete itokeze nje na kuikereza.

Mfano mkali zaidi ni wa .300 Blackout, ambayo hutengenezwa kutokana na ganda la 5.56x45 kwa kukata shingo na bega lote la asili na kutengeneza shingo mpya kutokana na kiwiliwili. Ganda la milimita 44.7 hufupishwa hadi takribani milimita 34.7. Kichwa cha risasi kina kipenyo cha milimita 7.82, na shingo ya risasi iliyokamilika haitakiwi kuzidi milimita 8.48, kwa hiyo kila upande una nafasi ya milimita 0.33 tu. Viwanda havilingani katika unene wa kiwiliwili mahali hapo, kwa sababu hakuna aliyekipangia kuwa shingo, na ndiyo maana baadhi ya maganda hukubali mabadiliko haya vizuri na mengine, yaliyotoka katika bunduki ileile, hayafai kabisa. Shingo ikiwa nene kupita kiasi, chemba huibana na kuizuia isipanuke kukiachilia kichwa cha risasi kitoke, na msukumo wa gesi hupanda kwa kiwango cha hatari. Ganda la namna hiyo linaweza kuingia katika chemba kwa kulazimishwa kidogo tu, na mtu akadhani ameshafaulu.

Ipo pia safari ya kinyume, ambapo bega linatakiwa kwenda mbele. Remington walipoitoa .280 mwaka 1957 walilipeleka bega mbele kidogo kuliko la .30-06, ili risasi hiyo isiweze kuingia katika chemba ya .270. Anayetumia ganda la .30-06 kuitengeneza hawezi kulivuta bega kwa kalibu; inambidi aipanue shingo kwanza, kisha aibane tena kidogo kidogo hadi kibaki kibega cha muda ambacho kitaliegemeza ganda mbele ya chemba, mpaka risasi ya kwanza ipigwe na bega lichukue umbo lake la kweli. Kibega hicho kisipokuwepo, ganda hukaa chembani likiwa na nafasi nyuma yake. Baruti inapowaka, kuta za mbele hung'ang'ania chemba, kitako hurudi nyuma, na shaba huvutika juu kidogo ya kitako mpaka ikonde. Dalili yake kwa nje ni mstari unaong'aa unaolizunguka ganda. Kwa ndani hugunduliwa kwa waya mwembamba uliopindwa ncha, unaovutwa ukutani kutoka chini kwenda juu. Ncha ikinasa katika mfereji mdogo, ganda hilo limekwisha kazi, liwe zuri namna gani kwa nje.

Sasa nije kwenye moto. Shaba ya manjano inayobanwa na kupanuliwa ikiwa baridi huwa ngumu zaidi kila mara, na ikifika mwisho wa uvumilivu wake hupasuka kwa urefu wa shingo. Isitoshe, shaba ngumu hurudi nyuma kama springi, hivyo umbo uliloliacha katika kalibu silo utakalolipima baada ya kulitoa. Kuipasha moto shingo na bega huzifanya chembe za metali zijipange upya na ulaini urudi. Moto wa haraka wa sekunde chache unatosha, nami hupenda kuufanya mahali penye giza kiasi ili niuone mwanzo wa wekundu hafifu na kuondoa ganda hapohapo. Wekundu ukikolea, chembe hukua kupita kiasi na shingo huwa dhaifu. Kitako kisipashwe kamwe. Kitako kilicholainika hakirudishiki katika ugumu wake kwa moto wala kwa maji, kwa kuwa shaba ya manjano hugumishwa kwa kufinyangwa tu, na kikipigwa risasi kinaweza kupasuka karibu na uso wa mpigaji.

Historia imeacha ushahidi wa umuhimu wa moto huo wa shingoni. Jeshi la Uingereza nchini India lilikuta maganda yake yakipasuka yenyewe ghalani, bila kupigwa, hasa wakati wa masika. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1921 ulieleza chanzo: amonia, iliyotokana na mkojo wa farasi mahali risasi zilipohifadhiwa mazizini, ilishirikiana na unyevu na mkazo uliobaki ndani ya shaba baada ya kufinyangwa. Tiba ilikuwa kuondoa mkazo huo kwa moto. Madoa ya rangi ya bluu na kahawia yanayoonekana shingoni mwa maganda ya kijeshi ni alama ya tiba hiyohiyo. Kwa sababu hii siafiki kusafisha maganda yaliyofinyangwa kwa sabuni au dawa yenye amonia, hata kama hung'aa kwa kupendeza.

Bado ziko bunduki za zamani ambazo bila kazi hii zingebaki ukutani. Risasi ya .577/450 ya Martini-Henry, ya tangu miaka ya 1870, watu huifinyanga kutokana na ganda la shaba la bunduki ya marisau ya geji 24, kwa kulibana hatua nyingi zenye moto katikati na grisi kidogo sana, kwa kuwa grisi ikizidi hukusanyika begani na kuacha vishimo.

Baada ya hayo yote, mhuri wa kitako unaendelea kutaja risasi ya zamani. Huwa ninatenga maganda yaliyobadilishwa katika sanduku lake, ninaandika aina mpya kwa wino usiofutika, na sichanganyi maganda ya viwanda viwili katika fungu moja. Ganda la kijeshi mara nyingi lina kuta nene na nafasi ndogo ndani, kwa hiyo kipimo cha baruti kilicho salama katika ganda la kiraia hakipaswi kuhamishiwa humo. Mtu aanzie kiwango cha chini kabisa cha jedwali lililochapishwa kwa ajili ya risasi hiyo mpya, na pasipokuwa na jedwali asijaze.