Benchi la tatu kutoka getini

Kwa miaka mitatu nimekalia benchi hilo hilo la bustanini, maana lina kivuli. Juzi nikapangusa shingo kwa leso nyeupe, nikaitazama: weusi. Si vumbi, ni masizi. Barabara iko hatua kama 12 nyuma ya mgongo wangu, na katikati yetu kuna safu moja ya miti niliyokuwa nikiishukuru kila siku.

Nikapakua programu ya kupima kelele kwenye simu. Simu si kipimo cha kuapia, ila kwa kulinganisha inatosha. Pale kwenye benchi ilisoma desibeli 68, na pikipiki ikipita, 81. Nikaenda hadi kwenye mti mkubwa katikati ya bustani, hatua 150 hivi: 57. Pengo la 11 linaonekana dogo, lakini zikipanda desibeli 10 tu, sikio husikia kana kwamba sauti imekuwa maradufu. Na hata hapo sijatoka salama: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 kwa Ulaya unataka kelele za magari zisifike 53 kwa wastani wa usiku na mchana.

Ile miti sasa naiangalia kwa jicho la kudai. Safu moja huficha magari yasionekane, basi. Sauti inapita kati ya mashina kama mtu anayepita mlango ulio wazi. Ukuta mfupi usio na tundu ungenifaa zaidi. Moshi kidogo una nafuu, kwani ua mnene wa mimea unaoanzia chini kabisa unaweza kupunguza masizi kwa aliye nyuma yake. Wetu umeanza kupukutika kuanzia magotini.

Nina pumu, tena ni mkimbiaji. Ukitulia unavuta hewa lita 6 hadi 8 kwa dakika. Ukikimbia zinaweza kupita 50, nyingi kupitia mdomoni, ambako hakuna vinyweleo vya kuchuja. Na mimi nilikuwa nikikimbilia kandokando ya uzio, eti kwa sababu njia ni tambarare!

(Halafu kuna yule mhudumu na mashine yake ya kupuliza majani. Majani manane. Dakika 20.)

Nimewaandikia wasimamizi wa bustani wahamishie benchi kwenye ule mti. Wamejibu kwa adabu kwamba limejengewa zege. Kwa sasa nakalia mzizi.