Aliyeniuliza alikuwa ameshapita humohumo

Hii kitu nimekaa nayo miaka, leo naiandika kwa sababu juzi usiku kuna kijana kanipigia simu.

Msimu wa korosho wa 2018, wa huku Mtwara mnakumbuka malipo yalivyochelewa, na mimi kipindi hicho madeni, ndoa imeyumba, usingizi hakuna, nikafika mahali uhai wenyewe siutaki tena. Watu walinishauri sana, mara sali, mara jikaze wewe si mwanaume, na walikuwa wananipenda kweli ila kila neno lilizidi kunifunga mdomo.

Aliyenifungua ni mzee mmoja pale Mikindani, anasuka dema, ile mitego ya samaki, ufukweni, nikaenda kukaa tu pembeni yake. Hata hakuniangalia, akapitisha fito, akaibana na kidole gumba, akauliza, "Mwanangu, unataka kufa?" Nikalia mpaka kamasi. Akasema, "Na mie nishafika hapo," akanipa fito nimshikie, basi. Jioni akanisindikiza mpaka kwa dada, kesho yake tukaenda hospitali wote watatu.

Wengi wanaogopa kuuliza hivyo eti utampa mtu wazo, wakati wataalamu wanasema kumuuliza wazi hakumpandikizii kitu. Mzee hakusoma popote, alijua tu kwa sababu siku yake alitamani kuulizwa.

Marsha Linehan, yule mwanasaikolojia wa Marekani aliyebuni DBT, tiba ya mazungumzo ya kuwasaidia watu wanaotaka kujiua, mwaka 2011 alisimama mbele za watu akasema na yeye ujanani alijaribu kujiua. Kwetu nani atasema? Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujaribu kujiua ni kosa, sasa wenye kujua njia wananyamaza, na semina nilizohudhuria mimi za tarehe 10 Septemba, siku ya dunia ya kuzuia kujiua, wanaoongea ni wale ambao hawajawahi kufika huko. Sisemi daktari hana kazi, dawa zake nimekunywa na zimenisaidia sana, nasema waliopita waitwe wakati mambo yanapangwa, sio waje kutoa ushuhuda wa dakika tano wapewe soda. Na ambaye kidonda bado kibichi msimpe kipaza sauti jamani, mwacheni apone kwanza.

Huyo kijana yuko Newala. Nilimuuliza vilevile, kama nilivyoulizwa mimi. Akanyamaza, nikasikia jogoo kwao, halafu akasema ndio. Nikamwambia amwamshe kaka yake wakae wote, mimi nikabaki kwenye simu mpaka kukakucha, saa mbili wakawa wako kwa daktari.